UZI: Mtu mzima unataka kuwa Mkatoliki? Haya ndiyo utakayopitia kuanzia ofisi ya parokia mpaka Mkesha wa Pasaka

#1 Mwalimu wa Jumamosi

Wakuu habari zenu.

Kila mwaka ikikaribia Kwaresima lazima atokee mtu humu aulize, "nina miaka 34 sijabatizwa, mchumba wangu ni Roma, naanzia wapi na inachukua muda gani", na majibu anayopewa nusu ya kweli nusu ya kijiweni. Mmoja akaambiwa wiki mbili zinatosha ukimwona padri vizuri, mwingine akatishiwa miaka minne. Mimi nafundisha darasa la wakubwa kwenye parokia moja huku pembezoni mwa Dar, nasaidiana na katekista wetu (mwalimu wa dini wa parokia), na ninachokiona ni kwamba watu wanaogopa kitu ambacho sicho. Wanaogopa kukariri sala. Kumbe wanaokwama wanakwama kwenye mambo ya ndoa, na kwenye kujulikana na watu wa jumuiya yao, yaani kikundi cha Wakatoliki wa mtaani kwao. Nikaona nishushe uzi kabisa, vuteni viti.

Kwanza jijue uko kundi gani maana ofisini ndo swali la kwanza utakaloulizwa. Kuna ambaye hajabatizwa popote, huyo akianza kuandaliwa kwa ubatizo ndiye mkatekumeni haswa, na safari yote ninayoielezea hapa chini ni yake. Kuna aliyebatizwa kwingine, KKKT, Anglikana, Moraviani, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, huyu habatizwi tena hata akilia machozi, ubatizo ni mara moja tu. Anatafuta cheti alikobatizwa, anafundishwa yale ambayo hakuyapata, anaungama, siku ikifika anasimama mbele ya waumini anakiri imani ya Kanisa Katoliki, anapewa kipaimara na komunyo, basi. Halafu kuna aliyebatizwa Mkatoliki akiwa mchanga huko kijijini kwao na hajawahi kukanyaga mafundisho tena, huyo naye anakaa na wakubwa lakini anasubiri komunyo na kipaimara. Penye utata ni pale dhehebu linapobatiza kwa jina la Yesu peke yake, au mtu mwenyewe hajui kama aliwahi kubatizwa. Hapo paroko anachunguza. Usijiamulie mwenyewe na usidanganye ili umwagiwe maji upya, nimeona watu wanaficha cheti cha Kilutheri kisa wanataka picha za ubatizo!

Sasa mkatekumeni. Utaratibu wa hatua kwa hatua tulionao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndo uliagiza urudishwe, kwenye hati ya liturujia ya mwaka 1963, na kitabu chake cha ibada kikatoka Roma mwaka 1972. Unaanza na kipindi cha kuulizana tu. Unakuja, unasikiliza, unauliza maswali yako yote hata ya kukera, mbona mnasali kwa Maria, mbona padri haoi, hela za zaka zinakwenda wapi. Hakuna anayekukimbiza. Mwalimu akikukasirikia kwa swali tafuta mwalimu mwingine.

Ukiamua, mnapokelewa rasmi kuwa wakatekumeni, na hii ibada ikifanywa vizuri ni nzuri sana kwa kweli. Mnasimama nje ya mlango wa kanisa, padri anawafuata huko huko. Anawauliza mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu, mnajibu imani. Imani itawapa nini? Uzima wa milele. Halafu mnachorwa alama ya msalaba kwenye paji la uso, masikio, macho, midomo, kifua, mabega, na anayechora anaweza kuwa msimamizi wako, yule Mkatoliki anayekusindikiza kwenye safari hii. Tulikuwa na mama mmoja muuza samaki, alikuja na kilemba kimekazwa mpaka kwenye nyusi, msimamizi wake alipofika kwenye masikio hakuna pa kushika, yule mama akakivuta kilemba chote kikatoka, nywele hazijasukwa, akasema "chora vizuri na huku". Watu wakacheka, padri naye akacheka, ibada ikaendelea.

Kuanzia siku hiyo wewe ni wa nyumbani, na hili wengi hawalijui. Mkatekumeni akifariki kabla ya ubatizo anazikwa kwa ibada ya Kanisa kama waumini wengine, sheria ya Kanisa imeandika wazi. Yale maneno ya "hajabatizwa padri haji" ni ya mtaani.

Mafundisho yenyewe: Kanuni ya Imani kipengele kwa kipengele, sakramenti saba, amri za Mungu, amri za Kanisa, sala, Misa ina sehemu gani na kwa nini, Biblia kwa kiasi chake. Kuna walimu bado wanakaba watu kwa maswali na majibu mpaka mtu mzima anatetemeka kama yuko darasa la pili. Mimi binafsi sipendi. Kukariri Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki (ndiyo hiyo Kanuni ya Imani) na sala ya kutubu ni lazima ndiyo, utazitumia maisha yako yote, ila nina wazee hawajui kusoma na wanaielewa Ekaristi kuliko vijana wenye digrii. Mzee asiyesoma anafundishwa kwa mdomo, anajibu kwa mdomo, inatosha.

Jumuiya sasa. Huku kwetu jumuiya ndogo ndogo ndizo mgongo wa parokia, maaskofu wa Afrika Mashariki walilikazia hilo tangu miaka ya 70, mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1976 ulikuwa juu ya jambo hilo hilo. Kwa hiyo usitegemee kuhudhuria darasa tu halafu ukabatizwa. Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili na nusu kwenye nyumba ya mtu, viti vya plastiki, mnasoma Injili ya Dominika, mnachangia mgonjwa wa mtaa wa pili, na mwenyekiti wa jumuiya ndiye atakayeulizwa siku ya mwisho "huyu mnamfahamu?". Akisema hatumjui, umekwama, hata kama umekariri katekisimu nzima. Watu wanaliona kama urasimu. Mimi naona ndo kipimo chenyewe, kwa sababu darasani unaweza ukaigiza kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, lakini jirani anakuona wiki nzima.

Kwaresima ndo mwendo wa mwisho. Dominika ya kwanza majina yanatajwa na kuandikwa, kawaida ni kwa askofu au mtu wake, na kuanzia hapo mnaitwa wateule. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano kuna ibada za kuwachunguza na kuwaombea, na Injili zake zimepangwa kwa makusudi: mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, kufufuliwa kwa Lazaro. Kiu, giza, kifo. Masomo ya Misa za Dominika yanazunguka miaka mitatu, A, B na C; kwenye mwaka A parokia yote inazisikia, miaka mingine zinasomwa pale penye wateule. Mnakabidhiwa pia Nasadiki na Baba Yetu, yaani Kanisa linakupa rasmi maneno yake.

Mkesha wa Pasaka siandiki sana, uje uone mwenyewe. Moto nje, mshumaa wa Pasaka, mbiu, masomo yanaweza kufika tisa (pumzika mchana, sitanii), Litania ya Watakatifu, unamkataa shetani, unakiri imani, maji, nguo nyeupe, mshumaa wako unawashwa kutoka ule mkubwa, kipaimara, halafu komunyo yako ya kwanza. Sheria inataka mtu mzima avipate vyote vitatu kwa mkupuo, na padri anayembatiza mtu mzima ana mamlaka ya kumpa kipaimara. Kuna parokia bado zinawaweka mpaka askofu aje, ukikutana na hilo uliza kwa upole.

Ndoa nitaieleza mkiuliza maana najua mtauliza.

#2 nyundo_saba

Nimekaa pale mkuu. Swali la kizembe, inagharimu bei gani jumla? Nipange bajeti.

#3 Mwalimu wa Jumamosi

Ubatizo hauuzwi mkuu. Utajinunulia mshumaa na nguo nyeupe, utachangia kitu kidogo cha vitabu, na kwenye Misa unatoa sadaka kama wengine. Sherehe ya pilau na spika hiyo ni ya kwako na shemeji zako, Kanisa halimo.

#4 Chuma cha Ilula

Hapo umepaka rangi mwalimu. Parokia moja (siitaji) dada yangu alizuiwa kubatizwa kisa kadi yake ya zaka ina nafasi wazi. Dada mwenyewe anauza vitumbua, mume hayupo, ana watoto. Katekista anamwambia "kalipe kwanza madeni ya jumuiya". Madeni! Mtu hata hajabatizwa ana deni la kanisa? Hii ndo inafanya watu wahamie kwa manabii.

#5 Frateri Mstaafu

Chuma, dada yako alionewa, wala sitetei. Kanuni ya 848 ya sheria ya Kanisa inasema mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka zilizopangwa na mamlaka husika, na ahakikishe wahitaji hawanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini. Iko hivyo tangu 1983. Tatizo viongozi wa jumuiya wengi hawajawahi kuiona hiyo kanuni, wao wanaona kadi na muhuri. Dada asibishane na katekista, aende kwa paroko mwenyewe, na mwenyekiti au mama mmoja wa jumuiya amsindikize.

#6 Chuma cha Ilula

Alishakwenda. Paroko alikuwa hana hata habari. Alibatizwa Pasaka iliyofuata, lakini mwaka mzima umepotea hivi hivi.

#7 Mwana wa Pangani

Natia neno na mimi maana nimepita njia hii. Nimezaliwa kwenye Uislamu, Tanga, familia yote mpaka leo Waislamu na tunapendana. Niliolewa... hapana ngoja niseme vizuri, nilikuwa na mchumba Mkatoliki na kila mtu alidhani nakwenda kubatizwa ili niolewe. Siku ya kwanza paroko aliniuliza swali moja tu la maana, "huyu kijana akikuacha mwezi ujao, utakuja Jumamosi?" Nikakasirika kwelikweli, nikaona mzee gani huyu. Akaniambia nikafikirie, na kwamba kama shida ni ndoa tu hakuna haja ya kubatizwa, tunaweza kuomba ruhusa ya askofu tukaoana kila mtu na imani yake. Mimi sikujua hata kama hilo linawezekana. Nimekuja kubatizwa baadaye sana, tukiwa tayari kwenye ndoa na mtoto mmoja, tena kwa hiari yangu mwenyewe, mume wangu alishangaa kama nyie. Mama yangu hakuja kanisani ila alipika, Iddi tunakwenda kwake, hakuna vita.

Nachosema, dada zangu msikubali kusukumwa. Na nyie kina kaka mkishasema "badili dini ndo nikuoe" mjue mnamwambia mtu asimame mbele ya Mungu aseme kitu asichokiamini.

#8 Mwalimu wa Jumamosi

Dada umemaliza. Hiyo ruhusa ipo, kati ya Mkatoliki na asiyebatizwa, inatoka kwa askofu, na upande wa Katoliki anaahidi kuilinda imani yake na kufanya awezalo watoto wabatizwe. Yule mwingine anajulishwa hiyo ahadi, halazimishwi chochote.

#9 Mtu wa Neno Tu

Haya yote mnayoyaandika hayamo kwenye Biblia. Matendo sura ya 8, towashi Mwethiopia amesoma Isaya kwenye gari, Filipo amemweleza, wakafika penye maji, akabatizwa HAPO HAPO. Hakuna jumuiya, hakuna cheti, hakuna mwenyekiti. Kornelio naye siku hiyo hiyo. Nyie mmeweka foleni mbele ya neema.

#10 Frateri Mstaafu

Hoja yako ni nzuri na siyo mpya. Towashi alikuwa anatoka Yerusalemu kuabudu, mkononi ana Isaya, Kornelio alikuwa mcha Mungu anayesali na kutoa sadaka siku zote. Hawakuanzia sifuri wale. Kanisa lilipoanza kuingiza wapagani kwa wingi, watu wenye miungu ishirini nyumbani, na mateso nje yanawasubiri, ndo wakaona mtu asipoandaliwa anarudi nyuma kwa tishio la kwanza. Maandiko ya kale ya Kanisa yanataja miaka 3 ya kusikiliza Neno, lakini yanaongeza kwamba mtu akiwa na bidii kipimo siyo muda, ni mwenendo.

Na ule utani wa miaka minne alioutaja mleta uzi una asili yake. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la wamisionari la Mapadri Weupe, aliwaagiza wamisionari wake waliofika Ujiji na Uganda mwaka 1879 wakae na mtu miaka minne kabla ya kumbatiza, miwili ya mwanzo anaonja onja, miwili ya pili ndo ukatekumeni wenyewe. Wamisionari wenzake wengine walimwona mgumu kupita kiasi.

Lakini tazama kilichotokea Buganda, ule ufalme wa huko Uganda. Mapadri waliondoka mwaka 1882, wakarudi 1885, katikati hapo waamini na wakatekumeni walifundishana wenyewe na wakaongezeka. Karoli Lwanga, mmoja wa vijana wa ikulu ya mfalme, alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku ile ile aliyouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa Wakatoliki pale ikulu. Mei 1886 mateso yalipowafika vijana wa ikulu pale Munyonyo, Lwanga mwenyewe aliwabatiza wenzake wanne waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwa mmojawapo, kijana mdogo kabisa. Tarehe 3 Juni wakachomwa Namugongo. Wapi foleni hapo? Ukatekumeni upo, na palipo na hatari ya kifo unafupishwa, mpaka leo sheria iko hivyo. Muda siyo ukuta, Mtu wa Neno.

#11 Mtu wa Neno Tu

Nimekusoma. Sikubaliani na yote ila hiyo ya Munyonyo sikuijua.

#12 Baba Junior Kahama

Wakuu naombeni msaada, hili siyo utani. Mzee wangu ana umri mkubwa, ana wake wawili, hakuwahi kubatizwa, mama yangu ni mke mkubwa. Sasa anataka ubatizo. Katekista wa kigango (tawi dogo la parokia) akamwambia "fukuza mmoja kwanza". Mama mdogo tumeishi naye tangu tunasoma shule ya msingi, ametulea, leo nimfukuze nimpeleke wapi?

#13 Frateri Mstaafu

Pole mkuu. Hakuna jibu jepesi lakini kuna jibu la sheria, kanuni ya 1148. Mwanaume mwenye wake kadhaa wasiobatizwa akitaka ubatizo, anabaki na mmoja katika ndoa. Kikawaida ni wa kwanza, na ikiwa kubaki na wa kwanza ni kugumu kwake anaruhusiwa kubaki na mwingine kati yao, na baada ya ubatizo ndoa hiyo inafungwa kwa taratibu za Kanisa. Sehemu ambayo watu wa kigango wanaisahau ni ya mwisho: askofu anapaswa kuhakikisha mahitaji ya wake wale wengine yanatimizwa kwa haki na kwa upendo. Kumtupia mtu virago barabarani hakumo. Nyumba yake, shamba lake, matibabu yake, watoto wake, vyote vinaangaliwa kwanza, na paroko ndiye anayekaa na familia nzima, siyo katekista mmoja anatoa amri chini ya mwembe.

Na mzee akizidiwa ghafla: mtu mzima aliye katika hatari ya kifo anaweza kubatizwa akiwa anajua yale makuu ya imani, ameonyesha kwa namna yoyote kuwa anataka, na ameahidi kushika amri. Padri akikosekana hata wewe unaweza kumbatiza, maji na maneno yale yale, "Ninakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu". Siyo "tunakubatiza", Roma ilitoa tamko mwaka 2020 kwamba kwa "tunakubatiza" ubatizo haupo.

#14 Mwalimu wa Jumamosi

Baba Junior, naongezea moja. Mzee aanze mafundisho SASA wakati hilo la wake linaongelewa. Asiambiwe akae nyumbani mpaka limalizike. Kufundishwa hakuna masharti ya ndoa.

Na hapa ndo niseme la ndoa kwa wote. Siku ya kwanza kabisa ofisini, kabla hata ya kununua daftari, sema hali yako yote. Uliwahi kuoa au kuolewa? Wapi, bomani, kimila, kanisani? Mwenzako yuko hai? Unaishi na nani sasa hivi? Watu wanakaa kimya, wanasoma mwaka mzima, wiki ya mwisho ya Kwaresima ndo inagundulika kuna ndoa Moshi. Machozi.

Kama nyote wawili hamkuwa Wakatoliki mlipooana, kimila au bomani, Kanisa linaichukulia ndoa yenu kuwa halali mpaka ithibitishwe vingine, na nyote mkibatizwa inakuwa sakramenti yenyewe, hamrudii kufunga. Lakini kama mmoja alikuwa Mkatoliki na mkaenda bomani tu, au ule uchumba sugu wetu wa watoto watatu bila chochote, hiyo inabidi irekebishwe, na parokia nyingi zinapanga ubatizo na ndoa vifuatane. Siyo adhabu. Nimeona watu wanabatizwa Mkesha wanafunga ndoa wiki ya Pasaka, mahari ililipwa siku nyingi, wajomba wapo, mambo safi.

#15 Dadamtu wa Kitengela

Mimi niko Kenya, nimekuja kusoma tu lakini nimeshindwa kunyamaza. Mwalimu, vipi mtu alifunga harusi ya kanisa lingine, wakaachana kortini, ana talaka yake, sasa anataka kuolewa na Mkatoliki? Mimi niliambiwa talaka ya korti haisaidii kitu na nikaona hawa watu wananichezea.

#16 Frateri Mstaafu

Hawakuchezei dada. Talaka ya serikali Kanisa haliichukulii kama imeifuta ndoa. Kesi inakwenda mahakama ya Kanisa ya jimbo, wanachunguza kama siku ile ya harusi palikuwa na ndoa kweli: mlilazimishwa, kulikuwa na udanganyifu, mtu alikuwa hawezi kubeba majukumu ya ndoa, mambo ya namna hiyo. Zamani ilitakiwa hukumu mbili zinazokubaliana, ikawa safari ndefu. Papa Fransisko alibadilisha mwaka 2015, tangu tarehe 8 Desemba mwaka huo hukumu moja inatosha kama hakuna aliyekata rufaa. Kusanya cheti cha ndoa, karatasi za korti, na mashahidi waliokuwepo enzi hizo, mashangazi wanakumbuka sana. Na usifunge ukumbi kabla ya hukumu, tafadhali.

#17 Dadamtu wa Kitengela

Asante sana, sasa nimeelewa. Hakuna mtu aliwahi kunieleza hivi, kila mtu alikuwa anasema "haiwezekani" na kufunga mlango.

#18 Mbeba Boksi Minnesota

Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Huku Marekani nilipita mkondo ule ule, huo utaratibu wa kuwaingiza watu wazima Kanisani zamani wakiuita kwa kifupi RCIA, siku hizi jina limegeuka OCIA na kitabu kipya kimekuwa cha lazima tangu Jumatano ya Majivu 2025. Hatua ni zile zile za kwenu. Tofauti kubwa hakuna jumuiya mtaani, kuna darasa Jumanne jioni, kahawa na keki, kila mtu anaingia kwenye gari lake anaondoka. Nilipewa msimamizi ambaye sikumjua, mzee wa Kipolandi, mtu mzuri sana lakini ilibidi tuanze kujuana kwa hali ya hewa. Wakatekumeni walikuwa wanatoka kanisani baada ya mahubiri kwenda kuongea Injili chumba cha pembeni, mara ya kwanza nikadhani tumefukuzwa!

#19 Mwalimu wa Jumamosi

Hahaha. Kutoka baada ya mahubiri ni desturi ya kale, imo hata kwenye kitabu, kwetu wachache wanaifanya. Msimamizi sasa umenikumbusha. Jamani chagueni mtu, siyo cheo. Sheria inamtaka Mkatoliki aliyepata kipaimara na Ekaristi, ametimiza miaka 16, anaishi imani yake, na asiwe baba wala mama yako mzazi. Anatosha mmoja, au wawili wa jinsia tofauti. Watu wanamtafuta diwani au bosi ili ubatizo unone, baada ya Pasaka bosi hapokei simu. Mimi ningemchukua yule bibi wa jumuiya anayejua hata siku ambayo hukuja.

#20 nyundo_saba

Na jina? Mimi naitwa Masanja. Nasikia lazima uwe Ignasio au Bonifasi.

#21 Frateri Mstaafu

Unabaki Masanja ukitaka. Sheria ya sasa inakataza tu jina lisiloendana na hisia za Kikristo. Ukiongeza la mtakatifu ni vizuri, na usidhani lazima litoke Ulaya, Kizito lipo, Lwanga lipo, Bakhita lipo kwa kina dada. Muhimu liandikwe sawasawa na kitambulisho chako cha taifa. Lile daftari kubwa la ubatizo ndo linabeba maisha yako ya Kikatoliki yote, kipaimara kinaandikwa humo, ndoa inaandikwa humo pembeni ya jina lako hata ukifungia jimbo lingine. Nimeshuhudia mtu anahangaika siku za matangazo ya ndoa kisa daftari lina Joseph, cheti Yosefu, NIDA Josephat.

#22 nyundo_saba

Sawa, nimeshawishika. Ila Pasaka hii si nimeshachelewa? Nisubiri mwakani?

#23 Mwalimu wa Jumamosi

Pasaka hii umechelewa ndiyo, na usitafute njia ya panya. Lakini usisubiri mwakani kuanza. Jumapili hii baada ya Misa ya pili nenda ofisi ya parokia ya unapoishi, siyo ya ofisini kwako, waambie hujabatizwa, taja mtaa wako wakuelekeze jumuiya. Hali ya ndoa iseme hapo hapo. Halafu Mkesha mwaka huu njoo ukae nyuma uangalie wenzako. Ukiwa upande wa Mbagala ni PM nikwambie saa ya darasa letu.

#24 nyundo_saba

Niko Gongo la Mboto. Ngoja nimuulize mama mwenye nyumba, yeye huwa anatoka Jumamosi alfajiri na kiti chake.

#25 Mwalimu wa Jumamosi

Basi umeshapata jumuiya mkuu. Mbebee hicho kiti.